Kibanda, Kichwa na Daftari: Karne Moja na Zaidi ya Mfanyabiashara Mdogo na Mtoza Kodi

"Mali bila daftari hupotea bila habari." Methali hii utaikuta imeandikwa kwa rangi kwenye kuta za maduka mengi ya mitaani, jirani na ile notisi ya kwamba leo ni fedha taslimu, mkopo ni kesho. Chini yake, juu ya mifuko ya sembe, ndipo linapolala daftari lenyewe: kauntabuku lenye jalada gumu, kona zimeliwa, kalamu imefungwa kwa uzi ili wateja wasiondoke nayo. Lifungue. Utakuta madeni ya majirani yamepangwa kwa tarehe: mchele kilo mbili, sabuni mche mmoja, mafuta nusu lita. Mauzo ya siku hayamo. Manunuzi ya jumla hayamo. Mwulize mwenye duka mwaka jana aliuza shilingi ngapi, atacheka tu, kisha atasema, "Biashara inakwenda, tunamshukuru Mungu."

Basi hapo ndipo mtoza kodi anapoingia. Serikali inayotaka fedha kwa mtu asiye na hesabu itakisia. Itatafuta kitu kinachoonekana kwa macho, ikihesabu, ikipangie bei. Wajerumani walihesabu paa la nyumba. Waingereza walihesabu vichwa vya wanaume. Baada ya uhuru zikahesabiwa leseni, kisha fremu za maduka, kisha vitambulisho. Ukifuatilia mambo haya tangu forodha za Sultani hadi mashine za risiti za Kariakoo, utaona kwamba ugomvi mkubwa wa mdogo na serikali haukuwa juu ya kodi yenyewe. Ulikuwa juu ya kukisiwa. Na karibu kila nafuu ya maana aliyowahi kuipata ilianzia pale makisio yalipoanza kuiachia hesabu nafasi.

Forodha iliyopangishwa

Katika karne ya 19 Sultani wa Zanzibar hakuwa na jeshi la makarani wa kodi. Alikuwa na mzabuni. Forodha ya pwani yote ilipangishwa kwa mfanyabiashara mmoja aliyemlipa Sultani kiasi walichokubaliana kwa mwaka, naye akabaki na alichokusanya zaidi. Kwa miongo mingi zabuni hiyo ilishikwa na nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, na mwaka 1876 ikaenda kwa Taria Topan. Mkataba wa Sultani Seyyid Said na Marekani wa mwaka 1833 uliweka ushuru wa asilimia 5 kwa bidhaa za Wamarekani zinazoshushwa. Mfanyabiashara mgeni alijua kiwango chake kabla hajatia nanga.

Jambo hilo lilikuwa na thamani kubwa. Msimamizi wa forodha alikuwa na vitabu, na wafanyabiashara wakubwa walikuwa na vyao. Pakitokea ubishi, vitabu viwili vililinganishwa. Mpagazi aliyeuza pembe yake moja, au mkulima wa ufuta aliyebeba gunia hadi Bagamoyo, hakuwa na kitabu, kwa hiyo hakuwa na cha kulinganisha.

Mwaka 1888 Sultani Khalifa aliipangisha pwani ya bara kwa kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, utawala pamoja na forodha. Kampuni ilipopandisha bendera yake Pangani mwezi Agosti, pwani iliwaka. Abushiri bin Salim akaongoza upinzani hadi aliponyongwa Pangani mwezi Desemba 1889. Kampuni ilikuwa imeshindwa kazi, na serikali ya Berlin ikalazimika kutuma askari kuikomboa, kumlipa Sultani marki milioni 4 kwa pwani yake, na kuchukua utawala yenyewe tangu Januari 1891. Kaskazini mambo hayakuwa tofauti. Kampuni ya Kiingereza iliyopewa Kenya na Uganda ilielemewa, na mwaka 1895 serikali yake ikaichukulia mzigo huo kwa fidia ya pauni 250,000, ambazo sehemu yake kubwa ilitoka kwenye fedha za Zanzibar.

Kwa hiyo nafuu kubwa za mwanzo kabisa katika historia yetu ya kodi na zabuni walipewa wakandarasi wakubwa walioshindwa. Bili ilipelekwa kwa watu wengine.

Paa, kisha kichwa

Serikali mpya ya Wajerumani ilihitaji fedha, na kwa watu ilioona hawana vitabu ikachagua kuhesabu nyumba. Kodi ya kibanda ilianza kutozwa mwaka 1898: rupia 3 kwa nyumba ya shamba, zaidi ya hapo kwa nyumba za mjini. Paa halifichiki. Akida na jumbe hawakuhitaji kujua kama mwenye nyumba alivuna au alikosa, aliuza au alikula. Walihitaji kuona moshi tu. Mwanzoni wengi walilipa kwa mazao au kwa kazi. Mwaka 1905 serikali ikakaza kamba: fedha taslimu, na wanaume wakatozwa kwa kichwa.

Julai mwaka huohuo, kwenye vilima vya Umatumbi, watu wa Nandete walikwenda kwenye shamba la pamba walilolazimishwa kulima wakaing'oa. Ndiyo iliyokuwa alama ya kuanza kwa Vita vya Maji Maji. Kodi haikuwa sababu pekee. Kulikuwa na kazi za shuruti, viboko vya maakida, na pamba iliyomlipa mkulima senti chache. Lakini vyote vilifungwa kwenye furushi moja: mtu alidaiwa fedha na dola ambayo haikuwahi kumwuliza amepata nini.

Waingereza walipoichukua Tanganyika hawakubadili msingi. Sheria yao ya kodi ya kibanda na kichwa ya mwaka 1922 iliendeleza hesabu ileile, ila sasa risiti ikawa kitu cha kutembea nacho. Asiyekuwa na risiti alikamatwa, na aliyeshindwa kulipa aliweza kuimaliza kodi yake kwa kazi ya barabara. Wazee wengi wa vijijini walizikunja risiti hizo kwenye vitambaa, wakazificha kwenye makuti ya paa lilelile lililotozwa kodi. Zilikuwa karatasi za kwanza za kifedha kuingia kwenye nyumba nyingi, na zilisema kitu kimoja tu: huyu amelipa. Hazikusema alichonacho, alichouza wala anachostahili.

Kenya ilikuwa na kisa chake. Mwaka 1922 Harry Thuku alikamatwa Nairobi baada ya kuongoza malalamiko juu ya kipande (kitambulisho cha lazima cha mfanyakazi), mishahara iliyopunguzwa na kodi iliyopandishwa. Watu walipokusanyika kudai aachiwe, polisi wakawapiga risasi. Baadaye serikali ilishusha kodi hadi shilingi 12. Nafuu ilipatikana, lakini ilipitia makaburini.

Wapare walivyokataa kukisiwa

Kisa kinachomhusu zaidi mfanyabiashara mdogo wa leo kilitokea Upare. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, wakuu wa huko, kwa baraka za Waingereza, walianzisha kodi ya ngazi: kila mtu alipe kulingana na mali yake. Kwenye karatasi lilikuwa jambo la haki kabisa. Tajiri atoe zaidi, maskini atoe kidogo. Watu wakaiita mbiru.

Shida ilikuwa namna ya kujua nani ana nini. Hakukuwa na vitabu vya mapato. Walioketi kukadiria walikuwa wakuu na watu wao. Mtu aliitwa, akatazamwa, akatajiwa kiasi. Migomba yake ilihesabiwa, mbuzi wake walihesabiwa, na wakati mwingine ukoo wake na ugomvi wake na mkuu ulihesabiwa pia. Mwanzoni mwa 1945 maelfu ya wanaume walishuka milimani hadi Same, makao ya wilaya, wakaketi huko kwa wiki nyingi. Hawakuwa na silaha. Baadaye wanawake nao wakajitokeza. Profesa Isaria Kimambo, mwanahistoria aliyezaliwa Upare, alikiandikia kisa hiki kitabu kizima, na kinachobaki kichwani baada ya kukisoma ni hiki: Wapare hawakukataa kulipa kodi. Walikataa kukadiriwa na mtu asiyewaonyesha hesabu yake. Kodi ya mbiru hatimaye ikafutwa.

Katika miaka hiyohiyo kulikuwa na ukurasa mwingine wa daftari uliofungwa kabisa. Sheria ya mwaka 1931 ya kuzuia mikopo kwa wenyeji ilifanya deni la Mwafrika lisidaike mahakamani bila idhini ya serikali. Ilisemwa ni kumlinda asilaghaiwe. Matokeo yake ni kwamba muuzaji wa jumla hakuwa na sababu ya kumwamini mwenye duka Mwafrika na katoni hata moja ya mali kauli. Mhindi wa dukani alikopeshwa na tajiri wa jumla wa pwani, naye akakopeshwa na Bombay. Mnyororo huo ndio uliokuwa umejenga majina kama la mfanyabiashara Allidina Visram. Mwafrika alikuwa na ukurasa wa kodi tu. Ukurasa wa mkopo hakuruhusiwa kuufungua.

Uhuru, maduka na leseni ya nguvu kazi

Uhuru ulileta matumaini kwamba sasa serikali itamtazama mdogo kwa jicho jingine. Kwa upande mmoja ilifanya hivyo. Shirika la kuendeleza viwanda vidogo, SIDO, lilianzishwa mwaka 1973, likawapa mafundi mashine na mafunzo. Kwa upande wa biashara, hata hivyo, Azimio la Arusha la 1967 lilimtazama mwenye duka binafsi kwa mashaka. Mwaka 1976 Operesheni Maduka ilifunga maduka ya watu ili nafasi ichukuliwe na maduka ya ushirika ya vijiji. Mengi hayakuwa na bidhaa wala mtu wa kuyaendesha, na serikali ikalazimika kulegeza.

Mwaka 1983, uchumi ukiwa umebana, ikaja sheria ya nguvu kazi. Kila mtu mwenye uwezo aonyeshe anafanya kazi gani. Mchuuzi wa karanga, mshona viatu, muuza maji, wote walitakiwa kuwa na leseni ya nguvu kazi, na asiyekuwa nayo aliweza kukamatwa kwa uzururaji na kurudishwa kijijini. Hapa kichwa kilihesabiwa tena, safari hii kikiwa na sinia la maandazi juu yake. Miaka hiyohiyo halmashauri zilizofutwa mwaka 1972 zilirudishwa, nazo zikaja na Kodi ya Maendeleo, ambayo kwa mwananchi wa kawaida ilikuwa kodi ya kichwa iliyobadilishiwa jina. Waliokuwa vijana wakati huo wanakumbuka mgambo kuvizia stendi na minadani, na wanaume kutokea mlango wa uani.

Kisha Rais Ali Hassan Mwinyi akafungua milango, watu wakambatiza Mzee Ruksa. Biashara ndogo zikachipuka kama uyoga. Serikali ikabaki na mfumo wa kodi uliotengenezwa kwa ajili ya mashirika ya umma na viwanda vichache, ilhali fedha zilikuwa zimehamia vibandani. Tume ya Edwin Mtei, gavana wa kwanza wa Benki Kuu, ilipeleka taarifa yake mwaka 1991 ikipendekeza mfumo mzima ujengwe upya. Sheria ya mwaka 1995 ikaanzisha Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA, iliyoanza kazi Julai 1996. Julai 1998 kodi ya mauzo, iliyokuwapo tangu 1969, ikaipisha kodi ya ongezeko la thamani, VAT, ya asilimia 20. Ilishuka hadi asilimia 18 mwaka 2009.

Miaka ya nafuu

Mwanzo wa karne hii ndipo tunapokuta nafuu zilizokusudiwa mdogo waziwazi. Mwaka 2003 Kodi ya Maendeleo ilifutwa pamoja na rundo la ushuru uliokuwa umepewa jina la kero. Mwaka uliofuata ada ya leseni ya biashara ikaondolewa kwa biashara ndogo, ingawa baadaye ilirejeshwa. Sheria mpya ya Kodi ya Mapato ya 2004 ikaweka utaratibu wa makadirio kwa mauzo ya mwaka: mfanyabiashara mdogo asiye kampuni alipe kiasi maalumu kulingana na mzunguko wake, bila kulazimika kuajiri mhasibu.

Desemba 2018 Rais John Magufuli alizindua vitambulisho vya wajasiriamali wadogo. Kwa shilingi 20,000, machinga au mama lishe ambaye mauzo yake hayafiki shilingi milioni 4 kwa mwaka aliachwa afanye kazi bila kufukuzwa na mgambo. Mwaka huohuo serikali ilitoa msamaha wa riba na adhabu za kodi hadi asilimia 100 kwa aliyekubali kulipa deni la msingi. Bajeti ya 2019 ikafuta tozo 54 zilizokuwa zikimfuata mfanyabiashara toka wizara hii hadi ile.

Ila nafuu iliyo kubwa kuliko zote imejificha kwenye jedwali dogo la mwaka 2019 ambalo wengi hawajawahi kulisoma. Tulitazame kwa karibu. Tuchukue mshona nguo mwenye vyerehani viwili, ambaye mauzo yake kwa mwaka ni shilingi milioni 5. Jedwali linasema aliye chini ya milioni 4 halipi kitu. Kati ya milioni 4 na 7, asiye na kumbukumbu hulipa shilingi 100,000. Mwenye kumbukumbu hulipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4. Mshonaji wetu amezidisha milioni moja. Kodi yake ni shilingi 30,000. Kauntabuku lililojazwa kila jioni limempunguzia shilingi 70,000.

Tumpandishe. Mauzo yamefika milioni 9. Asiye na kumbukumbu hulipa 250,000. Mwenye kumbukumbu hulipa 90,000, pamoja na asilimia 3 ya kilichozidi milioni 7, yaani 60,000. Jumla ni 150,000. Mtu yuleyule, vyerehani vilevile, mtaa uleule. Wasiofanana ni wawili tu: aliyeandika na aliyekisiwa. Haki hii hailetwi na mtu nyumbani kwako. Huipati usipoweka daftari mezani kwa afisa.

Wako wanaodhani kuandika ni kujianika. Historia inasema kinyume. Asiyeandika huandikiwa.

Mashine, mgomo na miji mitatu

Mwaka 2010 serikali ilileta mashine za risiti za kielektroniki, EFD, kwa waliosajiliwa VAT, kisha ikazisambaza kwa wengine. Shabaha ilikuwa njema: mashine iseme mauzo yalivyo, makisio yaishe. Lakini mwenye duka alitakiwa ainunue mashine kwa fedha yake kwanza, ndipo gharama ikatwe kwenye kodi, na wasio na VAT waliona wamebebeshwa chombo cha wengine. Kariakoo, mtaa wa Dar es Salaam uliopata jina kutokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, ukafunga maduka zaidi ya mara moja.

Mei 2023 ulifunga tena. Malalamiko yalikuwa juu ya kikosi kazi cha ukaguzi wa risiti, usajili wa stoo, na makadirio yasiyoelezeka. Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alikwenda kuwasikiliza wafanyabiashara Mnazi Mmoja, kikao kikachukua saa nyingi. Mmoja baada ya mwingine walisimama na kusema kile ambacho Wapare walikisema Same mwaka 1945: kodi tutalipa, tuonyesheni mmeipataje.

Mwaka mmoja baadaye ukanda mzima ulitikisika. Aprili 2024 wafanyabiashara wa Kampala walifunga maduka kupinga mfumo wa risiti za kielektroniki wa EFRIS. Tarehe 24 Juni Kariakoo ikafunga. Kesho yake vijana wa Nairobi waliingia kwenye majengo ya Bunge wakipinga Muswada wa Fedha, damu ikamwagika, na Rais William Ruto akauondoa. Sababu hazikuwa zilezile kila mahali. Lakini ukizitazama kwa pamoja, utaona watu wasioamini tena hesabu inayofanywa upande mmoja. Oktoba 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua tume ya maboresho ya kodi chini ya Balozi Ombeni Sefue, miaka zaidi ya thelathini baada ya tume ya Mtei.

Anayeiuzia serikali

Hadi hapa tumemzungumzia anayedaiwa na serikali. Yuko pia anayeidai: mkandarasi wa barabara ya kijiji, mzabuni wa madawati, mama mwenye mkataba wa chakula cha kituo cha afya. Sheria zimemfungulia mlango. Kenya mwaka 2013 ilitenga asilimia 30 ya manunuzi ya umma kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Tanzania ilifanya mfano huo mwaka 2016, ikiwaongeza wazee. Halmashauri zetu hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu upangwe upya, kisha ikarudi. Tangu mwaka huohuo zabuni zimehamia kwenye mfumo wa mtandaoni wa NeST, na asiye na simu janja au mtu wa kumsaidia anaisikia tu.

Mlango umefunguliwa, lakini ndani kuna kisima. Tuchukue mzabuni aliyesajiliwa VAT, anayepeleka halmashauri madawati ya shilingi milioni 50. Ankara yake inasoma milioni 59, maana VAT ni milioni 9. Sheria ya VAT ya 2014 haingoji alipwe. Ankara ikitoka, kodi imezaliwa, na inatakiwa ifike TRA si zaidi ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Kama mbao alizinunua kwa mafundi wasio na VAT, karibu zote milioni 9 zitatoka mfukoni mwake. Halmashauri inaweza kulipa baada ya miezi mitatu. Inaweza kulipa mwaka ujao wa fedha. Siku ikilipa itakata kodi ya zuio ya asilimia 2, yaani milioni moja, ambayo asipodai hati yake hataweza kuihesabu kwenye kodi ya mwaka. Katikati ya kusubiri, akitaka kuomba zabuni nyingine, ataambiwa alete cheti cha kuthibitisha kwamba hana deni la kodi. Serikali inayomdai VAT ya fedha ambazo yenyewe haijamlipa ndiyo inayomwuliza kama ni mwaminifu.

Mara chache dola imekiri jambo hili. Machi 2020, korona ilipoingia, Rais Uhuru Kenyatta alishusha VAT kutoka asilimia 16 hadi 14, akashusha kodi ya mauzo ya biashara ndogo kutoka asilimia 3 hadi 1, na katika hotuba hiyohiyo akaagiza shilingi bilioni 13 za madeni yaliyohakikiwa ya wazabuni zilipwe ndani ya wiki tatu, pamoja na bilioni 10 za marejesho ya VAT. Fedha hizo hazikuwa msaada. Zilikuwa jasho la watu lililokaa kwenye mafaili. Miaka mitatu baadaye Kenya ililazimika kuunda kamati chini ya mkaguzi mkuu wa zamani, Edward Ouko, kuhakiki madeni ya wazabuni yaliyorudi nyuma hadi mwaka 2005. Mtoto aliyezaliwa mwaka huo alikuwa amekwisha kupata kitambulisho cha taifa.

Daftari lina kurasa mbili

Basi msomaji mwenye duka, kiwanda kidogo au zabuni afanye nini? Aandike kila jioni, hata kama ni mistari mitano. Atunze risiti na mikataba kwa miaka mitano kama sheria inavyotaka. Akipewa makadirio asiyokubaliana nayo, asikae kimya akinung'unika kijiweni: ana siku 30 za kuweka pingamizi kwa maandishi, akilipa theluthi ya kodi inayobishaniwa au kiasi anachokikubali, kile kilicho kikubwa. Akishindwa huko, ipo Bodi ya Rufani za Kodi, na malalamiko ya huduma yana ofisi ya msuluhishi iliyowekwa kisheria mwaka 2019. Akibanwa na deni la kweli, aombe kwa barua kulipa kwa awamu kabla akaunti haijafungwa. Na kwa kila malipo ya serikali, adai hati ya kodi ya zuio siku hiyohiyo.

Hayo ni ya upande wake. Lakini daftari lina kurasa mbili, na kwa miaka zaidi ya mia moja ishirini ni ukurasa mmoja tu uliokaguliwa. Mwenye kibanda alidaiwa, mwenye kichwa alidaiwa, mwenye sinia la maandazi alidaiwa. Kila aliyekuja alimtaka mdogo athibitishe. Wakati umefika wa kuikagua serikali kwa kipimo kilekile: ionyeshe makadirio yake imeyapataje, imlipe mzabuni kwa tarehe kama inavyomtoza kwa tarehe, na isimdai VAT ya ankara ambayo yenyewe imeikalia. Methali ya ukutani dukani ilimfundisha mfanyabiashara kuandika. Ipo nyingine inayopaswa kupakwa rangi kwenye milango ya ofisi za malipo za kila wizara na halmashauri: dawa ya deni ni kulipa.